Setilaiti imeona mmweko wa eksirei: kwa nini darubini bado zinatafuta chanzo chake?

Swali limetoka kwa mwalimu wa fizikia wa sekondari wilayani Kondoa. Wanafunzi wake wa kidato cha sita walisoma habari za mmweko wa eksirei ulionaswa na setilaiti ya China na kuzimika baada ya dakika chache. Usiku uleule darubini za nchi mbalimbali ziligeuzwa upande huo. Kundi moja likatangaza kuwa limepata mshukiwa, jingine likasema halikuona kitu, na siku ya pili yule mshukiwa akaondolewa kwenye orodha. Wanafunzi wanauliza: ikiwa setilaiti imeona, kwa nini mahali hapajulikani? Asiyeona kitu anatangaza nini? Na darubini ya sentimita 20 waliyonayo shuleni inaweza kusaidia chochote?

Mwalimu mwenzangu, wanafunzi wako wamegusa jambo ambalo habari za namna hii hulipita haraka. Kunasa mmweko ni kazi moja, kujua ni nini kilichowaka ni kazi nyingine, na ya pili ndiyo inayokesha watu.

Tuanze na setilaiti. Eksirei kutoka angani hazitufikii huku chini, kwa kuwa hewa inazimeza makumi ya kilomita juu ya vichwa vyetu. Ndiyo maana vifaa vya kuzipima hurushwa nje ya angahewa. Hata huko nje, huwezi kuzikusanya kwa kioo cha kawaida, maana zikikigonga uso kwa uso humezwa au hupenya. Huakisiwa tu pale zinapokuja kwa pembe ndogo sana, zikauparaza uso wa kioo na kupita. Sharti hilo humbana mtengenezaji achague kati ya kuona eneo dogo la anga kwa ukali mkubwa na kuona eneo pana kwa ukali hafifu. Chandra, darubini ya eksirei ya Marekani iliyorushwa mwaka 1999, hutenganisha nukta zilizoachana nusu sekunde ya tao tu (digrii moja ina dakika 60 za tao, na kila dakika ina sekunde 60), ila picha yake moja hufunika eneo dogo kuliko sura ya mwezi mpevu. Nao mmweko hauweki miadi. Anayetaka kuunasa lazima awe anatazama sehemu kubwa ya anga wakati wote.

Kazi hiyo ndiyo iliyopewa Einstein Probe, setilaiti ya China iliyorushwa tarehe 9 Januari 2024. Darubini yake pana imeundwa kwa kufuata jicho la kambakoche, kiumbe wa baharini ambaye jicho lake limejaa vijitundu vya mraba vinavyoakisi mwanga kwa kuta zake. Kwa mpangilio huo huona digrii za mraba 3,600 kwa mara moja, karibu sehemu moja kati ya kumi na moja za anga lote. Gharama ya upana huo ni kwamba mahali pa chanzo panajulikana kwa usahihi wa dakika mbili au tatu za tao. Mwezi mpevu una upana wa dakika 30 hivi, kwa hiyo tunazungumzia duara lenye upana wa moja ya tano ya mwezi.

Mtu akilisikia hilo ataona eneo limeshabanwa vya kutosha. Lakini darubini kubwa ikipiga picha ndefu ya duara hilo, inakuonyesha mamia ya galaksi na nyota. Ni sawa na kuambiwa kwamba kati ya watu wote waliokuwa Soko la Majengo saa nne asubuhi, mmoja alipiga mluzi mara moja. Mluzi ni wa kweli, soko unalijua, saa unaijua, ila mpigaji humjui, na pengine ulipofika alikuwa ameshaondoka.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kulibana duara. Einstein Probe ina darubini ya pili, nyembamba zaidi, ambayo ikigeuzwa mapema hupunguza kosa hadi sekunde kumi hivi za tao. Swift ya Marekani, iliyorushwa Novemba 2004, ilibuniwa kugeuka yenyewe ndani ya dakika moja au mbili, na darubini yake ya eksirei hufikisha sekunde tatu hivi. Wape wanafunzi hesabu hii: nusu kipenyo cha duara kikishuka kutoka dakika tatu za tao hadi sekunde tatu, eneo la kutafutia hupungua mara 3,600. Palipokuwa na mamia ya galaksi panabaki na moja, au hapabaki hata moja. Tatizo ni kwamba eksirei hazisubiri. Setilaiti ya pili ikichelewa kugeuka inakuta pamepoa, na darubini za ardhini hubaki na duara lile pana la mwanzo. Usiku waliousoma wanafunzi wako, darubini zilikuwa zikihangaika ndani ya duara la namna hiyo.

Habari za nyota ya kwanza ya eksirei zinafundisha vizuri uzito wa mahali. Juni 1962 roketi iliyorushwa kutoka White Sands, New Mexico, ilikuta eksirei nyingi zikitoka upande wa kundinyota la Nge. Kilikuwa chanzo cha kwanza kujulikana nje ya mfumo wa Jua letu, kikaitwa Scorpius X-1, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi ile alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Lakini kwa miaka minne hakuna aliyeweza kunyoosha kidole akasema ni nyota ile pale. Mwaka 1966 roketi nyingine ilipima mahali pake kwa ukali zaidi, na ndipo wanaastronomia wa Tokyo na wa Palomar, California, walipotazama na kuikuta nyota ya buluu, ya daraja la 13 la mwangaza (kadiri namba ya daraja inavyokua, mwangaza unapungua). Nyota hiyo ilikuwepo kwenye picha za anga siku zote. Kilichokosekana ni kipimo cha kuitenganisha na majirani zake.

Wanafunzi wa Afrika Mashariki wana haki ya kujua pia kwamba sehemu kubwa ya elimu hii ilianzia kwa jirani zetu. Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya eksirei za angani pekee ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Miaka minne baadaye, Oktoba 1974, Ariel 5 ya Uingereza ikarushwa kutoka jukwaa hilohilo. Pwani ile ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa Dunia hukisukuma chombo na kupunguza mafuta, na njia ya kuzunguka juu ya ikweta hukiepusha chombo na ukanda wa chembe zinazovuruga vipimo. Hata baada ya urushaji kukoma, kituo cha Malindi kiliendelea kupokea data za BeppoSAX na baadaye za Swift. Nasisitiza hili kwa sababu vijana wetu husoma sayansi hii wakidhani imefanyika mbali nao tangu mwanzo.

Sasa yule mshukiwa aliyeondolewa siku ya pili. Kuondolewa kwake si aibu ya waliomtangaza, maana ndivyo utaratibu ulivyo. Ukipata nukta ya mwanga ndani ya duara, umepata mahali tu. Unahitaji pia mabadiliko: kwamba nukta hiyo haikuwepo kabla ya mmweko, na kwamba inafifia namna ambavyo mlipuko hufifia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa tarehe 28 Februari 1997. BeppoSAX, setilaiti ya Italia na Uholanzi, ilinasa mmweko wa miali ya gama, yenye nishati kubwa kuliko eksirei, na ikaweza kupima eksirei zake. Wakati huo binadamu alikuwa ameijua mimweko ya gama kwa takriban miaka thelathini bila kukubaliana kama inatoka karibu na Jua letu, pembezoni mwa galaksi yetu, au mbali kabisa. Kundi la Jan van Paradijs wa Amsterdam likapata picha ya eneo lile kwa darubini ya William Herschel, kisiwani La Palma, chini ya saa 24 baada ya mmweko. Picha hiyo peke yake haikusema kitu, ilijaa nukta. Tarehe 8 Machi wakapiga nyingine. Walipozilinganisha, nukta moja iliyokuwa ya daraja la 21 katika picha ya kwanza haikuwepo tena katika ya pili. Baadaye darubini ya Hubble ikaonyesha galaksi hafifu mahali hapohapo. Miezi miwili na kitu baadaye, mmweko mwingine wa Mei 1997 ukapimwa kwa darubini ya Keck ya Hawaii, na mwanga wake ukathibitisha kwamba umetoka umbali wa mabilioni ya miaka nuru. Mjadala wa miaka thelathini ulifungwa na watu walioweka picha mbili kando kando.

Leo kulinganisha huko hufanywa na kompyuta. Picha mpya hulinganishwa na ya zamani ya eneo lilelile, ya zamani ikatolewa kwenye mpya nukta kwa nukta, na kinachobaki ndicho kilichobadilika. Ila hata kinachobaki huwa kingi. Sayari ndogo inayopita huonekana nyota mpya kwenye picha moja, lakini picha ya pili ya nusu saa baadaye huionyesha imesogea sekunde kadhaa za tao. Kwazari, yaani kiini cha galaksi chenye tundu jeusi linalomeza gesi, hubadilika mwangaza kila mara bila kuhusika na mmweko wa jana. Supanova, yaani nyota iliyolipuka ikifa, ya wiki mbili zilizopita inaweza kuwa imekaa ndani ya duara kwa bahati tu, na itajulikana ukifungua picha za ATLAS, darubini zinazopekua anga kila usiku, au za darubini ya Palomar za siku zilizotangulia ukaikuta ilikuwepo. Kisha kuna kibete chekundu, ambacho kinahitaji uangalifu kuliko wote, kwa sababu nyota ndogo za aina hiyo kweli hulipuka na kutoa eksirei. Hapo huwezi kumfuta mshukiwa kwa kusema hahusiki. Unachofanya ni kutazama orodha ya Gaia, setilaiti ya Ulaya iliyopima mahali pa nyota zaidi ya bilioni moja, uone kama kuna nyota ya karibu iliyokaa katikati ya duara. Ikiwepo, yaelekea mmweko ni wa jirani yetu, si wa galaksi ya mbali.

Anayeamua mwisho ni spektra, yaani mwanga uliotawanywa katika rangi zake. Machi 2024 Einstein Probe ilinasa mmweko uliopewa jina EP240315a, eksirei zake zikidumu zaidi ya dakika 15. Darubini za ATLAS, ambazo kazi yake hasa ni kutafuta sayari ndogo zinazoweza kuigonga Dunia, zilikuwa zimepiga picha ya eneo hilo saa moja na kidogo baada ya mmweko, na nukta mpya ikaonekana. Nukta ndani ya duara, tena mpya, ni ushahidi mzito, lakini darubini kubwa zilipoutawanya mwanga wake ndipo umbali ukajulikana: mawimbi yalikuwa yamevutwa mara 5.859. Wanafunzi wako wa kidato cha sita wanaweza kulifanyia kazi hili ubaoni. Haidrojeni humeza mwanga wa nanomita 121.6 na ulio mfupi zaidi ya hapo. Zidisha kwa 5.859, utapata nanomita 712 hivi. Maana yake karibu mwanga wote wa buluu, kijani na njano wa mlipuko ule umemezwa njiani, kikabaki kile chekundu. Mwanga huo ulianza safari zaidi ya miaka bilioni 12 iliyopita.

Hapo ndipo swali la pili linapopata jibu: asiyeona kitu anatangaza nini? Anatangaza kipimo. Tangazo la kweli halisemi tu kwamba hatukuona kitu. Linasema tulianza kutazama saa tano baada ya mmweko, tulipiga picha kwa kichujio chekundu, tulifunika asilimia kadhaa ya duara, na hakuna kitu kipya kinachong'aa kuliko daraja la 22. Kumbuka kwamba katika hesabu hii namba ikikua mwangaza unapungua, na kila madaraja matano ni tofauti ya mara mia. Jicho la mtu chini ya anga jeusi huishia kwenye daraja la 6.

Sentensi hiyo moja ina mengi ndani yake. Mabaki ya mlipuko wa kawaida wa gama hufifia takriban kinyume cha muda: kati ya saa ya kwanza na ya kumi hupungua mara kumi, sawa na madaraja mawili na nusu. Kwa hiyo daraja la 22 katika saa ya tano linaweza kuondoa aina nzima ya milipuko kwenye meza. Vilevile, kama orodha za nyota hazina kibete chekundu ndani ya duara, dhana ya mlipuko wa nyota jirani inakufa. Zinabaki chache: labda vumbi la galaksi limefunika, labda chanzo kiko mbali hata kuliko EP240315a na mwanga wake unaonekana kwa infraredi pekee (mwanga uliopita wekundu, usioonekana kwa macho), labda ni aina ya mlipuko usiotoa mwanga mwingi wa kawaida. Darubini ya infraredi itajua iende wapi kwa sababu wengine walitangaza kwamba hawakuona.

Oktoba 2014 Chandra ilinasa mmweko katika kipande cha anga la kusini ambacho imekikodolea macho kwa muda mrefu kuliko karibu kingine chochote. Mahali palijulikana kwa usahihi wa hali ya juu, hapakuwa na shaka ya duara. Palikuwa na galaksi hafifu mno, na kwa bahati darubini ya VLT kule Chile ilikuwa imepiga picha ya eneo hilo dakika 80 hivi baada ya mmweko kuanza. Haikuonyesha kitu kipya hadi daraja la 25 na zaidi. Wataalamu bado hawajakubaliana kilikuwa nini, lakini kila dhana iliyopendekezwa tangu hapo inalazimika kupita kwenye mlango mwembamba wa picha ile tupu. Nawasihi walimu wenzangu tulifundishe hili katika maabara zetu pia. Mwanafunzi anayeandika kwamba hakuona badiliko lolote, akataja kifaa chake kingeweza kuona badiliko dogo kiasi gani, amefanya kazi ya kisayansi kamili na anastahili alama zake.

Wakati mwingine subira hulipa kwa namna nyingine. EP240414a, mmweko wa Aprili 2024, ulipata mwenzake katika mwanga wa kawaida pembeni ya galaksi kubwa, na baada ya siku kadhaa mahali pale pakaonekana supanova. Nyota kubwa ilikuwa imekufa, na zile eksirei zilikuwa habari ya kwanza ya kifo chake. Januari 2008 Alicia Soderberg, akitazama supanova nyingine kwa Swift katika galaksi ya NGC 2770, alipata bahati ya kushuhudia nyota ya pili ikilipuka mbele yake: eksirei za dakika kumi hivi, kisha supanova ikajitokeza mahali hapohapo.

Redio nitaigusa kwa ufupi. MeerKAT ya Afrika Kusini, antena 64 katika nyika ya Karoo, hutazama mchana na usiku, na vumbi la galaksi haliizuii. Mwaka 1971 redio ndiyo iliyosaidia kuitambua Cygnus X-1. Chanzo cha redio kilijitokeza wakati uleule eksirei zake zilipobadilika, mahali pakajulikana kwa usahihi, na nyota iliyokutwa hapo ikaonekana inazunguka na mwenzi asiyeonekana ambaye sasa tunamjua kuwa tundu jeusi.

Sasa darubini yenu ya sentimita 20. Kwa mimweko ya haraka kutoka galaksi za mbali, jibu langu ni hapana, na sitaki muwape wanafunzi matumaini yasiyo na msingi. Ikiwa na kamera nzuri, na mkiunganisha picha nyingi za dakika moja moja, mtafika daraja la 16 au 17. Washukiwa wengi wa Einstein Probe huwa wa daraja la 20 au hafifu zaidi wanapotazamwa, yaani zaidi ya mara kumi chini ya uwezo wenu.

Lakini si kila chanzo cha eksirei kiko mbali hivyo. Ndani ya galaksi yetu kuna nyota zinazoishi na tundu jeusi au nyota ya nyutroni (kiini kizito kilichobaki baada ya nyota kubwa kufa), zikimmwagia mwenzi huyo gesi kidogo kidogo kwa miaka, kisha ghafla mfumo mzima unawaka kwa wiki au miezi. Hizo zinafikika. Agosti 1975 Ariel 5, ileile iliyopaa kutoka Malindi, ilinasa A0620-00, ambayo kwa muda iliishinda Scorpius X-1 na kuwa chanzo kikali cha eksirei kuliko vyote nje ya mfumo wa Jua. Kwa mwanga wa kawaida nyota yake ilipanda kutoka daraja la 18 hivi hadi la 11 hivi. Watu walipofukua bamba za kioo za zamani huko Harvard wakakuta ilishawahi kuwaka mwaka 1917, na hakuna aliyejua maana yake. Mwaka 1986 vipimo vya mwendo wa nyota hiyo vilionyesha kwamba mwenzi wake ni mzito mno, hawezi kuwa kitu kingine ila tundu jeusi. Juni 2015 V404 Cygni iliamka baada ya kulala miaka 26. Mwangaza wake ulipepesa ndani ya dakika, na darubini za ukubwa wa yenu, za watu binafsi katika nchi nyingi, zilichangia vipimo vilivyotumika katika utafiti wake. Kutoka Kondoa nyota hiyo hupanda hadi digrii 50 hivi juu ya upeo wa kaskazini.

Hii ndiyo faida ya kukaa digrii tano kusini mwa ikweta: karibu anga lote hupita juu yenu ndani ya mwaka, la kaskazini na la kusini. Faida ya pili ni kiangazi chetu cha kanda ya kati. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua ni nadra sana, na usiku mwingi mawingu si tatizo. Vumbi la upepo ndilo la kuangalia, hasa kuelekea Septemba na Oktoba, pamoja na taa za mji. Mkiweza kutoka mjini kuelekea upande wa Kolo mtapata giza zuri zaidi kuliko sisi tunaoishi Dodoma mjini.

Msisubiri tangazo la mmweko ndipo mjifunze. Anzeni na Scorpius X-1 yenyewe. Katikati ya Julai, kati ya saa tatu na saa nne usiku, hupita digrii 11 hivi kusini mwa utosi wa Kondoa. Iko kati ya daraja la 12 na la 13, hubadilika ndani ya saa chache, na jina lake katika orodha za nyota zinazobadilika ni V818 Scorpii. Chagueni nyota jirani tatu au nne zenye mwangaza unaojulikana na usiobadilika, pimeni kila picha kwa kuzilinganisha nazo, na msiibadilishe seti hiyo kutoka usiku mmoja hadi mwingine. Mkipata mchoro wa mwangaza unaopanda na kushuka wakati nyota za kulinganishia zimetulia, mtakuwa mmeipima nyota ya nyutroni ikila mwenzi wake kutoka uwanja wa shule.

Angalizo moja la lazima ni kuhusu saa. Vipimo vyote vya aina hii huandikwa kwa saa ya kimataifa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Picha ya saa mbili usiku ya kwetu ni 20:00 kwa saa ya simu, na 17:00 UTC. Mwanafunzi akiandika 2:00 kwenye daftari, kipimo hicho hakitumiki tena, maana hakuna atakayejua alimaanisha saa ipi. Wekeni saa ya kompyuta isomeke UTC kabla ya kuwasha kamera, na kila picha ibebe muda wake wa kuanza na urefu wake.

Vipimo vikishakuwa safi, vitumeni AAVSO, chama cha waangalizi wa nyota zinazobadilika kilichoanzishwa Marekani mwaka 1911, ambacho hupokea kazi ya mtu yeyote popote alipo mradi ameeleza kifaa, kichujio na nyota za kulinganishia. Siku nyota ya jamii ya A0620-00 itakapowaka tena, anayehitajika ni mtu mwenye mkono uliozoea, mwenye picha za eneo lile kabla halijawaka, na mwenye anga safi usiku huo. Na usiku ambao mtaelekeza darubini mahali palipotangazwa msione kitu, andikeni mlifika daraja la ngapi, saa ngapi UTC, na mtume hilo pia.